Sheria Ilitupa Masaa Nane na Nusu ya Kulala

Wasee, mlijua kuna sheria Kenya inayosema mwanafunzi wa bweni alale saa ngapi? Mimi nimeijua juzi, na chuo niliacha kitambo.

Ni Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015. Masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu. Prepu inaanza saa moja unusu jioni, inaisha saa tatu unusu. Kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kulala tu. Sisi tulilala saa nne unusu na kengele ikalia saa kumi alfajiri. Kama umewahi kuoga maji baridi Olenguruone saa hiyo, unajua baridi ya Mau haina huruma. Piga hesabu: masaa matatu yalienda kila usiku.

Hii kitu haikuanza na walimu wetu. 8-4-4 ilipoingia 1985 ilikuja na masomo mengi na mtihani mmoja wa kuamua uende wapi. Shule zikaanza kulinganishwa kwa wastani wa alama. Jirani wakiamka saa kumi na moja, nyinyi mnaamka saa kumi. Serikali ilijaribu kuzuia. 2012 waziri Mutula Kilonzo alipiga marufuku tuisheni ya likizo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au jela mwaka mmoja. Tuisheni ikabadilishwa jina, wazazi wakalipa. Mamangu pia alilipa, na alilipa kwa pesa ya majani chai.

Mwisho wa 2022 katibu Belio Kipsang akasema watoto wa shule za msingi wasipewe kazi ya kufanyia nyumbani. Sawa. Lakini dadangu yuko sekondari, tena ya kutwa. Anafika saa kumi na mbili, anakama ng'ombe, anasaidia kupika, ndipo anafungua vitabu kwa tochi ya simu ya mama. Mimi niliibiwa usingizi, lakini angalau nilikuwa na meza na stima. Yeye prepu yake haiko kwa kanuni yoyote.

Jana saa tano usiku alikuwa amebakisha hesabu kumi na mbili. Nilimfanyia nne. Mwandiko wangu na wake haufanani hata kidogo, kwa hivyo leo jioni nitajua kama mwalimu aliona.