Chuo Kidogo na Lugha ya Mashine: Funzo kwa Waundaji wa Istilahi

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi ni desturi kuanza na orodha: maneno ya kigeni upande wa kushoto, na visawe vyake vya Kiswahili upande wa kulia. Katika makala haya tumekusudia kuanzia mahali pengine, yaani darasani. Tutaeleza kwa ufupi jinsi somo la kompyuta lilivyoingia katika vyuo viwili vidogo vya Marekani katika miaka ya 1960, kisha tutazame historia hiyo inatufunza nini sisi tunaolitafutia somo hilo maneno ya Kiswahili. Swali letu ni moja: neno la taaluma humfungulia nani mlango, na humfungia nani?

Dartmouth, 1964

Chuo cha Dartmouth kiko Hanover, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwapo hapo wanahisabati wawili, John Kemeny, mzaliwa wa Budapest, na Thomas Kurtz. Siku hizo kompyuta ilikuwa mali ya wachache. Aliyetaka kuitumia alitoboa kadi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, kisha akangoja saa nyingi kupata jibu. Akikosea alama moja, hana budi kuanza upya. Kabla chuo hakijapata mashine ya kufaa, Kurtz alilazimika kusafiri na kadi hizo kwa garimoshi hadi Massachusetts.

Walimu hao walitambua kwamba takriban robo tatu ya wanafunzi wao hawakuwa wa sayansi. Walisoma historia, fasihi, siasa na uchumi, na wengi wao wangekuja kushika madaraka ya kuamua kompyuta itumikeje. Je, ilifaa watu hao wabaki wageni wa chombo hicho? Kemeny na Kurtz walijibu kwamba haifai. Walitaka kompyuta iwe kama maktaba, ambamo kila mwanafunzi huingia na kuchukua kitabu rafuni bila kuomba ruhusa.

Ili jambo hilo liwezekane vilihitajika vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya mfumo huo iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wenyewe. Hapa tungependa kutua kidogo, kwa kuwa lugha yetu inatoa ufafanuzi mzuri. Tukisema kwamba mashine inagawa muda, tunaitazama kazi kwa upande wa mashine. Tukisema kwamba watumiaji wanagawana muda, tunaitazama kwa upande wa watu. Kiambishi -an- kinabeba wazo zima la Dartmouth. Kwa hiyo twapendelea ugawanaji muda kuliko ugawaji muda.

Kitu cha pili kilikuwa lugha. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957, iliwafaa wahandisi, lakini ilimtaka mwanafunzi akariri mambo yasiyojieleza. Katika amri ya kurudiarudia, kwa mfano, aliandika 1, 10, 2, na ilimpasa kukumbuka ipi ni namba ya kuanzia, ipi ya kuishia na ipi ya kuongezea. Katika BASIC, lugha waliyoiunda Kemeny na Kurtz, jambo hilohilo liliandikwa FOR I = 1 TO 10 STEP 2. Kila namba ilitanguliwa na neno au alama inayoieleza kazi yake. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, yapata saa kumi, programu za kwanza za BASIC ziliendeshwa katika mfumo huo. Baada ya hapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingizwa katika lugha hiyo kupitia masomo yao ya hisabati, kwa mihadhara michache tu.

Clarke, 1965

Mwaka uliofuata, katika mji wa Dubuque, jimbo la Iowa, Sista Mary Kenneth Keller alianzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, ambacho wakati huo kilikuwa chuo cha wanawake. Tarehe 7 Juni 1965 alikuwa amepata shahada ya udaktari katika taaluma hiyo kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, akawa miongoni mwa watu wawili wa kwanza kuipata nchini Marekani. Aliongoza idara hiyo kwa miaka 20, hata akafariki mwaka 1985. Chuo chake hakikuwa na utajiri wala jina la vyuo vikuu vya utafiti. Kilichokuwapo ni imani kwamba mwanafunzi wa kawaida, na mwalimu wa shule, wana haki ya maarifa hayo.

Mitaala

Mwaka 1968 chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, ACM, kilitoa mtaala wa shahada ya kwanza wenye kozi 22, zikiwamo miundo ya data, lugha za programu na muundo wa kompyuta. Mtaala huo ulikuwa mzigo mzito kwa chuo chenye walimu wawili au watatu. Ilipofika mwaka 1986, Norman Gibbs na Allen Tucker walichapisha mtaala wa mfano uliotungwa kwa ajili ya vyuo vidogo vya sanaa na sayansi. Kozi zilipunguzwa, misingi ikabaki.

Funzo kwetu

Yafaa ieleweke kwamba maneno ya BASIC yalikuwa mepesi kwa sababu mwanafunzi wa Hanover alikuwa nayo tayari kinywani. LET, PRINT, IF na END aliyajua tangu utotoni. Kwa kijana wetu maneno hayohayo ni alama nyingine za kukariri. Anayedhani kwamba wepesi wa BASIC umo katika Kiingereza amekosea. Wepesi huo umo katika lugha ya mwanafunzi. Nchini Tanzania masomo ya kompyuta vyuoni yangali yakifundishwa kwa Kiingereza, na hivyo mwanafunzi hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kila neno la Kiswahili ni jepesi. Sisi wenyewe tumeshuhudia majina matatu yakishindania chombo kimoja. Ngamizi lilimkumbusha msikilizaji kuangamiza. Tarakilishi, lililoungwa kwa tarakimu na akili, lina watetezi wake, hasa Kenya. Lakini wengi walikwisha kusema kompyuta kabla ya kamati yoyote kuketi. Kwa upande mwingine, kumbukumbu, amri na kipanya yalipokelewa bila ubishi, kwa kuwa msemaji aliyatambua. Neno kitanzi nalo laweza kutumika kwa amri zinazorudiwarudiwa, maana mtego na kamba vimekwisha kulifundisha.

Hitimisho

Kemeny na Kurtz walianza kwa kumwuliza mwanafunzi wa fasihi angeweza kuelewa nini, na lugha yao ikaenea duniani. Sisi mara nyingi huanza kwa kuulizana sisi kwa sisi, kisha tukashangaa orodha zetu zinapolala kabatini. Twapendekeza basi kwamba kila orodha ya istilahi za kompyuta, kabla ya kusanifishwa, ipelekwe mbele ya darasa la mwaka wa kwanza katika chuo kidogo cha mkoani. Neno likieleweka pale bila mkalimani, na tulisanifu. Lisipoeleweka, hatuna budi kulirudisha mezani, hata kama sisi tuliolibuni tunalipenda.