Fundi wa skii na usalama wa mchezaji

SKII, mbao nyembamba zinazovaliwa miguuni kuteleza kwenye theluji, huhitaji ukarabati wa mara kwa mara. Nchini Austria, alikolelewa Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya msimu wa baridi mwaka wa 2018, kazi hiyo hufanywa katika maduka ya vijiji vya milimani.

Fundi huziba mikwaruzo ya upande wa chini kwa plastiki iliyoyeyushwa, hunoa kingo za chuma kwa tupa, kisha hupaka nta kwa pasi.

Muhimu zaidi ni vifungio vya viatu, vinavyorekebishwa kulingana na uzani, kimo, umri na ujuzi wa mchezaji. Vikikazwa kupita kiasi, havifunguki anapoanguka, na mguu waweza kuvunjika. Vikilegea mno, hufyatuka angali mbioni.