Mauaji ya Mueda

Mauaji ya Mueda yalitokea tarehe 16 Juni 1960 katika mji mdogo wa Mueda, kwenye nyanda za juu za Wamakonde, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Ureno.

Siku hiyo umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya serikali. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walikutana na gavana wa Cabo Delgado kudai uhuru. Walipokamatwa, watu walijaribu kuzuia wasichukuliwe, na askari wakafyatua risasi.

Idadi ya waliouawa inabishaniwa. FRELIMO ilitaja watu 600, ilhali wanahistoria waliochunguza nyaraka za Wareno wanaona walikuwa wachache zaidi.

Kwa wengi, tukio hilo lilionyesha kwamba Ureno haitaondoka kwa mazungumzo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika mkoa uleule. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Fedha yake mpya, metical, ilizinduliwa tarehe 16 Juni 1980, siku ya kumbukumbu ya Mueda.