Fagio za Durban

Mvua ilinyesha Durban kama vile imetumwa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 17 Juni 1995, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na Ufaransa, uwanja wa Kings Park. Juni huko ni kiangazi cha baridi, mvua yao kubwa huja miezi ya joto. Lakini siku hiyo wapi! Uwanja ukawa bwawa la kambare, na maelfu ya mashabiki wamekaa humohumo, wamelowa chapachapa, wanaangalia majani yanavyozama.

Wewe msomaji wa Dar labda utauliza: sasa raga inatuhusu nini sisi watu wa Simba na Yanga? Ngoja kidogo, tutafika.

Kwanza jua kwamba raga haiogopi mvua. Hawa jamaa wanacheza kwenye matope tangu enzi za babu zao. Mpira wao ni kama yai, ukilowa unateleza kama sabuni, basi wanaacha kupasiana kwa mikono na wanaupiga juu kwa miguu, wakiomba aliye chini yake aukose. Hilo ni la kawaida. Lililotisha Durban ni madimbwi. Raga ni mchezo wa kulaliana: mtu anaangushwa, wenzake wanane, tisa, wanamrundikia juu. Uso ukiwa dimbwini, si utani, mtu anaweza kufa maji katikati ya uwanja. Mwamuzi Derek Bevan, mtu wa Wales, akakataa kupuliza filimbi. Mchezo ukasogezwa mbele kama saa moja na nusu.

Na hapo ndipo penye utamu, au uchungu. Kanuni ilisema mchezo ukishindikana kabisa, inapita timu yenye rekodi safi ya nidhamu. Wiki mbili nyuma, tarehe 3 Juni mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini ilicheza na Kanada, ngumi zikarushwa, watu watatu wakatolewa nje. Mmoja wao alikuwa James Dalton wa Afrika Kusini. Wafaransa hawakuwa na aliyetolewa. Kwa hiyo kila tone lililoanguka Kings Park lilikuwa linawachezea Wafaransa. Hebu fikiria umekaa jukwaani, timu yako haijagusa mpira, na inatolewa na mawingu!

Ndipo wakaingia akina mama. Wanawake weusi, kundi zima, fagio mikononi, wakaanza kuyasukuma maji kuyatoa uwanjani.

Picha hii nilimwonyesha mjomba wangu kwenye simu. Mjomba ni mtu wa riadha, raga haijui wala haitaki. Akatazama kidogo, akasema, "Hao ndio walioninyima Bayi."

Tumefika sasa. Filbert Bayi, kijana wa Kitanzania, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, akikimbia mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Dunia nzima ikasubiri warudiane Olimpiki ya Montreal, 1976. Hawakurudiana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikubali kwenda kucheza na Makaburu, tena ikafika huko majuma machache tu baada ya Juni 16, siku ambayo polisi waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Afrika ikataka New Zealand iondolewe Montreal. Ikakataliwa. Basi nchi zaidi ya 20, Tanzania na Kenya zikiwemo, zikasusa. Walker akachukua dhahabu. Ndiyo maana nasema raga inatuhusu. Ilitugharimu mbio ambazo hakuna atakayejua zingeishaje, na mjomba hadi leo anazikimbiza kichwani.

Kwa hiyo timu iliyokuwa ikisubiri mvua iishe siku ile haikuwa timu ya mpira tu. Jezi ile ya kijani ilikuwa sare ya ubaguzi. Viwanja vya raga viliwatenga weusi kwenye kona zao, na wengi wao walikwenda kumshangilia yeyote anayecheza dhidi ya Makaburu. Mandela mwenyewe alisimulia kwamba wafungwa wa Robben Island walifanya hivyohivyo. Leo Mandela huyo ni rais, ana mwaka mmoja na mwezi mmoja Ikulu, na anawaomba watu wake waishangilie jezi ileile. Kikosini mweusi ni mmoja tu, Chester Williams, na hata yeye kwa hesabu zao za zamani aliitwa "chotara". Jana yake tu nchi ilikuwa imeadhimisha Juni 16. Halafu Jumamosi, fagio.

Kuna wanaoipenda picha ile: tazameni, wote wanaiokoa timu moja! Mimi inanikwama kooni. Kwenye nyasi ni weusi wanafagia, jukwaani weupe ndio wengi. Hapo kipya kilikuwa nini? Na bado siwezi kusema ilikuwa ileile ya zamani, maana mwaka mmoja kabla, akina mama kama hao walipiga kura kwa mara ya kwanza.

Mchezo ulichezwa. Ruben Kruger akafunga trai, Joel Stransky akaongeza kwa mguu na penalti nne. Thierry Lacroix akajibu kwa penalti tano. 19 kwa 15. Dakika za mwisho Abdelatif Benazzi, mzaliwa wa Oujda, Morocco, akaunyaka mpira akateleza nao kwenye maji hadi mlangoni kabisa mwa mstari. Wafaransa wanaapa alifika. Bevan akasema bado. Sentimita chache, basi, Mwafrika wa Ufaransa angeitoa Afrika Kusini.

Juni 24 wakatwaa kombe, 15 kwa 12 dhidi ya New Zealand, wale wale wa 1976. Kwenye karamu, bosi wa raga ya Afrika Kusini, Louis Luyt, akamzawadia Bevan saa ya dhahabu, jambo lililowakera wengi ukumbini. Kadi ya mchezo wa Durban ina majina ya wachezaji na ya mwamuzi. Haina safu ya wafagiaji.

Mjomba hakuwa na habari na saa ya dhahabu. Aliniambia nirudishe nyuma, pale kwa akina mama. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka picha ikahamia jukwaani. Akaniambia nirudishe tena.