Nani Hulipia Shaka? Makazi, Gharama na Hofu ya Kutostahili katika Shule Kubwa za Sheria za Marekani

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Georgia, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefaulu sana katika masomo na kazi. Wanawake hao waliamini kwamba wamefika walipofika kwa bahati au kwa kosa la watahini, na kwamba ipo siku wataumbuliwa. Mwaka huohuo mwanafunzi wa sheria wa Yale, Sonia Sotomayor, alihudhuria chakula cha jioni cha kampuni ya mawakili ya Washington iliyokuja chuoni kutafuta waajiriwa. Mmoja wa wabia wa kampuni hiyo alimuuliza, wenzake wakisikia, kama angepata nafasi Yale lau asingekuwa Mpuerto Rico. Matukio haya mawili hayakuhusiana kwa lolote. Hata hivyo, yakiwekwa pamoja yanazaa swali ninalolijadili hapa: shaka la mwanafunzi anayeanza katika shule ya sheria yenye jina linatoka wapi? Linatoka ndani yake, au anavikwa na mahali alipofikia?

Jibu lililozoeleka ni la kwanza. Tangu Clance na Imes waandike, hofu ya kutostahili imekuwa msamiati wa wiki ya ukaribisho: mwanafunzi huambiwa kwamba kila mtu huihisi, apumue, amwone mshauri nasaha. Ushauri huo haudhuru. Ninachopinga ni uvivu wa fikra uliojificha nyuma yake. Sehemu kubwa ya shaka hilo, hasa kwa mtoto wa familia isiyo na kitu, ni usomaji sahihi wa ishara. Mwanafunzi ameona kwamba taasisi ilipangwa kwa kumfikiria mtu mwingine, na ameona vizuri. Ishara zilizo wazi zaidi haziko darasani. Ziko kwenye mkataba wa pango na kwenye tarehe ya malipo ya mkopo.

Tuanze na darasa hata hivyo, maana ndilo linalolaumiwa zaidi. Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard kuanzia 1870, aliweka kando mihadhara ya kukariri na kuwafundisha wanafunzi kwa hukumu za mahakama, mwalimu akiuliza na mwanafunzi akijibu. Hadi leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuitwa kwa jina, bila taarifa, aeleze kesi mbele ya watu themanini. Njia hii inatisha, lakini inamtisha mtoto wa jaji na mtoto wa mfagiaji. Kwa shaka la namna hii, ambalo nitaliita shaka la daraja, shule zimefanya mageuzi ya kweli: mwaka 2008 Harvard na Stanford zilitangaza kuachana na alama za herufi na kubaki na ngazi chache tu za ufaulu, njia ambayo Yale ilikuwa imeifuata zamani.

Mageuzi hayo hayakugusa shaka la pili, la uenyeji, yaani la mwanafunzi kujiuliza kama mahali hapo ni pake. Lani Guinier na wenzake waliochunguza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 1994 kwamba wanawake waliingia wakiwa na sifa sawa na wanaume, lakini mwisho wa mwaka wa kwanza wanaume walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuwamo katika asilimia kumi ya juu. Ikiwa watu waliingia sawa na baada ya miezi tisa hawako sawa, ni uzembe kulitafuta tatizo katika nafsi za walioachwa nyuma.

Sasa twende kwenye chumba. Cambridge, ilipo Harvard, ilikuwa na udhibiti wa kodi za nyumba hadi wapigakura wa jimbo la Massachusetts walipoufuta kwa kura ya maoni ya Novemba 1994. Wakazi wa Cambridge wenyewe walipiga kura kuubakiza. Wakazidiwa na wapigakura wa miji mingine. Uchumi wa uamuzi huo ulichunguzwa baadaye na David Autor na wenzake, wakakuta kwamba thamani ilipanda hata kwa majengo ambayo hayakuwahi kudhibitiwa, kwa sababu mtaa mzima ulibadilika. Mwanafunzi anayefika leo hakuikuta kura hiyo, ila anaikuta katika kodi.

Tena haikuti kidogo kidogo. Kwa miaka mingi desturi ya eneo la Boston imekuwa kwamba mpangaji alipe kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, amana inayolingana na kodi ya mwezi, na ada ya dalali inayolingana na mwezi mwingine. Miezi minne kwa mkupuo, kabla ya kupokea ufunguo. (Msomaji wa Dar es Salaam ambaye mwenye nyumba wake hudai miezi sita au mwaka mzima hatashangaa; atashangaa tu kwamba dalali wa huko naye anakula mwezi mzima kama wa kwetu.) Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025 imeelekeza kwamba dalali alipwe na aliyemwajiri, na hiyo ni nafuu. Yaliyobaki yamebaki. Juu yake kuna sharti la mdhamini: mtu mwenye kipato kikubwa na rekodi safi ya mikopo atakayetia saini kwamba mpangaji akishindwa yeye atalipa. Kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake nao ni wapangaji, fomu hiyo haina wa kuitia saini.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa hoja. Kanuni za mikopo ya serikali kuu ya Marekani haziruhusu fedha zitolewe mapema kuliko siku kumi kabla ya masomo kuanza. Mkataba wa nyumba unatiwa saini miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo mfumo unadhani kwamba kila mwanafunzi ana mtu wa kumkopesha maelfu ya dola kati ya Mei na Agosti, na kwamba mtu huyo ni mzazi. Hakuna ofisa aliyekaa akaandika kwamba maskini asije. Ni tarehe mbili tu zisizokutana, na kati yake kuna pengo ambalo mwenye ukoo wenye fedha hulivuka bila kujua kwamba lipo. Mwenzake huanza muhula akiwa amelala wiki tatu kwenye kochi la rafiki, kile ambacho wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hukiita kubebana, kisha anaitwa darasani kueleza sheria ya mikataba. Akijikwaa, hatasema kwamba amekosa usingizi. Atasema hana akili ya sheria.

Chuo kina mabweni, na hayo yana hadithi yake. Majengo ambayo wanafunzi wa sheria wa Harvard huyaita Gropius yalikamilika mwaka 1950, yakiwa kazi ya Walter Gropius, mwanzilishi wa shule ya usanifu ya Bauhaus, na wenzake. Wanafunzi wa usanifu huyatembelea kwa heshima. Wanaolala humo huzungumzia zaidi udogo wa vyumba na bafu za pamoja. Mimi ningeyatetea. Chumba kidogo kisichodai mdhamini wala malipo ya miezi mitatu kwa mkupuo kimefanya zaidi kwa mwanafunzi wa kizazi cha kwanza kuliko semina yoyote ya kujiamini. Jambo hilo tunalijua hata huku: hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, zenye nafasi 3,840, zilipimwa kwa idadi ya vitanda, na kipimo hicho ni cha maana.

Ada yenyewe nitaipita haraka kwa sababu inajulikana: katika shule hizi imepita dola 70,000 kwa mwaka, na ukiweka chakula, malazi na bima ya afya, bajeti ya mwaka inavuka dola 100,000. Yale, Harvard na Stanford hutoa ufadhili kwa kuangalia uhitaji, si ubora wa alama. Mwaka 2022 Yale ilianza kuwalipia ada yote wanafunzi ambao kipato cha familia zao kilikuwa chini ya mstari rasmi wa umaskini. Ni hatua nzuri, na wanaoidharau hawajawahi kudaiwa. Hata hivyo, anayezidi kiwango cha ufadhili kama huo kwa kidogo anarudi kwenye mkopo, na mkopo una namna yake ya kufundisha. Mwanasheria mpya katika kampuni kubwa za New York huanza na mshahara wa dola 225,000. Wakili wa kutetea wasio na uwezo hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Duncan Kennedy wa Harvard aliandika mwaka 1983 kwamba elimu ya sheria huwazoesha wanafunzi kukubali ngazi za tabaka. Alitazama zaidi darasa na mienendo ya walimu. Nadhani alilitazama deni kidogo mno, na deni linafundisha somo hilohilo bila mwalimu: mtu aliyeingia akitaka kutetea wapangaji wanaofukuzwa, anatoka akitetea benki, na moyoni anasema ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo.

Kuna pingamizi mbili za kujibu. Ya kwanza ni kwamba wenye fedha nao hujishuku, na wanawake wa Clance na Imes wengi wao hawakuwa maskini. Kweli, na ndiyo sababu nimetenganisha mashaka mawili. Ya pili ni nzito zaidi: tiba ya kisaikolojia imeonekana kufanya kazi. Gregory Walton na Geoffrey Cohen waliripoti katika jarida la Science mwaka 2011 kwamba zoezi la takriban saa moja kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza liliinua alama za wanafunzi weusi kwa miaka mitatu iliyofuata. Lakini tuangalie zoezi lilisema nini. Liliwaambia kwamba wasiwasi wa kuwa mgeni huwapata wengi na hupita, yaani kwamba chanzo chake ni hali waliyomo na si upungufu wao. Tiba hiyo ilifaulu kwa kuwaondolea lawama. Haiwezi kutumiwa kuwarudishia.

Ugumu wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi kwa watu wawili waliopita Yale karibu wakati mmoja, wote wakitoka katika ufukara. Clarence Thomas alizaliwa Pin Point, Georgia, mwaka 1948, akahitimu Yale mwaka 1974. Alipotafuta kazi, aliona kwamba mawakili waliomhoji waliichukulia shahada yake kama zawadi ya rangi yake. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2007 anasimulia kwamba alibandika kwenye fremu ya shahada hiyo kibandiko cha bei cha senti 15 kilichotoka kwenye pakiti ya biri. Anasimulia pia kwamba alipoingia Mahakama ya Juu mwaka 1991 alikuwa bado analipa mikopo ya masomo. Sotomayor, aliyekulia katika nyumba za umma za Bronx na kuhitimu Yale mwaka 1979, aliulizwa swali lilelile mezani. Yeye alilifikisha chuoni kwa malalamiko rasmi, na kampuni ikaomba radhi. Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu, ambayo wote wawili ni majaji wake, ilipopiga marufuku upendeleo wa rangi katika udahili wa vyuo, Thomas aliandika kuunga mkono na Sotomayor akaandika kupinga. Wasomi wengi humchagua mmoja wao na kumfanya mwingine msaliti. Kwangu, la kuzingatia ni kwamba hakuna kati yao aliyelizua shaka lile. Lilisemwa na mtu mwenye kazi ya kutoa, na likasemwa kwa mtu mwenye deni la kulipa. Thomas alilielekeza kwa sera iliyomwingiza. Sotomayor alilirudisha kwa aliyelitamka. Naona Sotomayor alilenga vizuri zaidi, ingawa uchungu wa Thomas si wa kubuni.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wamo katika hesabu hii tangu zamani. Makau Mutua, aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa siasa za wanafunzi akasomea sheria Dar es Salaam, alipata shahada ya uzamili Harvard mwaka 1985 na ya uzamivu mwaka 1987. Anayefuata njia hiyo leo hana haki ya mikopo ya serikali ya Marekani, na kabla ya kuomba viza ya masomo lazima aonyeshe kwa nyaraka kwamba fedha za mwaka mzima zipo. Anathibitisha uwezo wake wa kulipa kabla hajafungua kitabu.

Nasi hatuna haki ya kujisifu. Chuo cha Dar es Salaam cha miaka ya 1960 kilimpa mwanafunzi kitanda na chakula kwa fedha za umma, na swali la kustahili likamfuata vilevile, safari hii likiulizwa na taifa. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tofauti ni kwamba deni lile la kusomeshwa kwa fedha za umma lilikuwa la wote, likajadiliwa hadharani. Mwanafunzi hakulazwa macho peke yake na barua ya benki. Siku hizi, anayesubiri bumu (posho ya mkopo wa masomo) lililochelewa huku mwenye nyumba wa Sinza, Dar es Salaam, akigonga mlango yuko karibu zaidi na mwenzake wa Cambridge kuliko na wale wa 1966.

Kwa hiyo mkuu wa shule ya sheria anayetaka kupunguza shaka aanze na mhasibu: posho itoke kabla ya mkataba wa nyumba, chuo chenyewe kiwe mdhamini wa pango, na vitanda vya mwaka wa kwanza vigawiwe kwa uhitaji. Marekani inaelekea upande mwingine. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mwanafunzi mpya wa sheria hataweza kukopa serikalini zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Kinachobaki, asipopata ufadhili, ataomba katika benki binafsi, nazo hutaka kujua kwanza nani atamdhamini.