Bumu, Vipande na Hisa: Mwanafunzi wa Chuo Aanzie Wapi Kuwekeza?

Anza mapema, faida izae faida: mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania husikia ushauri huu karibu kila semina ya ujasiriamali inapoandaliwa. Si ushauri mbaya, ila unaruka hesabu. Anayetenga shilingi 20,000 kila mwezi kwa miaka 3 atakuwa ameweka 720,000. Zikizaa asilimia 12 kwa mwaka, atafikisha takribani 861,000. Mwenzake anayetenga 24,000 na kuziweka mahali pasipo na faida yoyote atamaliza akiwa na 864,000.

Buku nne za ziada kwa mwezi zimeishinda asilimia 12. Mfumuko wa bei, ambao katika miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka kati ya asilimia 3 na 4, utazimega fedha zote mbili, lakini hautabadili nani kamzidi nani. Kwa mwenye mtaji mdogo na muda mfupi, kiasi anachoweka kina uzito kuliko kiwango cha faida. Kwa hiyo hana sababu ya kukimbilia hatari ili apate faida kubwa. Kwake hatari hiyo hailipi.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, iliyowaalika watu "kupanda mbegu" na kuvuna mara kadhaa ya walichopanda. Mavuno ya waliotangulia yalitoka mifukoni mwa waliofuata. Mapema mwaka 2025 mamlaka ziliwageukia waendeshaji wa LBL, ambako mtu alilipia kujiunga kisha akaahidiwa ujira wa kutazama matangazo kwenye simu. Miaka 16 imepita kati ya mikasa hiyo miwili, na teknolojia imebadilika kabisa. Hesabu iliyo chini yake ni ileile ya upatu usio na mwisho.

Suala la pili ni chanzo cha fedha. Kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fedha ya kujikimu, yaani bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Huingia kwa mikupuo, na akaunti hunona kwa wiki moja mbili kabla ya kukonda. Wapo wanaosema kuwa huo ni mkopo wenye masharti nafuu, kwa hiyo ni busara kuuzungusha. Hoja hiyo ina mantiki darasani, lakini kantini haina. Shilingi 10,000 zimepigiwa hesabu ya chakula na malazi, na deni lenyewe litalipwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mhitimu atakapoajiriwa. Kinachofaa kuwekezwa ni kile kilichobaki baada ya kula, pamoja na kipato cha pembeni: kusuka nywele bwenini, kuchapa ripoti za wenzake, kuuza vocha.

Fedha ya namna hiyo ina kalenda yake: kuna michango ya chuo, kuna nauli ya likizo, kuna mafunzo kwa vitendo mkoani. Chombo cha kwanza cha uwekezaji kipimwe kwa swali moja: nikizihitaji Jumatatu, nitazipata lini na kwa gharama gani? Hatifungani za serikali hazifaulu mtihani huo. Kima cha chini ni shilingi milioni 1, na muda hufika miaka 25. Mwaka 2022 riba ya hizo za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, kiwango ambacho bado kilivutia, ila hatifungani hizo zinamfaa zaidi mwenye mshahara. Kuna soko la upili, lakini kulitegemea kwa ajili ya nauli ni kujitafutia presha.

Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulianza mwaka 2013 na unafaulu vizuri zaidi. Hautozi gharama ya kujiunga wala ya kujitoa, na anayeuza vipande, yaani sehemu zake katika mfuko, hulipwa ndani ya siku chache za kazi. Thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, hivyo mwekaji anaona faida ikikua kidogo kidogo.

Je, hisa ziachwe kabisa? Hapana, ila zinunuliwe kwa fedha isiyo na miadi. Benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, hisa hiyohiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takribani shilingi 100. Aliyechoka akauza hapo alipata hasara ya bei. Aliyenunua wakati huo akatulia alilipwa gawio la shilingi 65 kwa kila hisa kutokana na faida ya mwaka 2024, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Vodacom Tanzania nayo iliuza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017. Baadaye bei iliganda kwenye 770 kwa muda mrefu, miamala ikiwa haba. Bei iliyoganda haimaanishi usalama. Mwenye haraka ya kuuza anaweza kukosa mnunuzi. Zaidi ya hayo, dalali hukata kamisheni wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza, na tozo za soko huongezwa juu yake, kwa hiyo anayeingia na kutoka kila mwezi anawatajirisha wengine.

Ndiyo maana shindano la uwekezaji ambalo Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likiwaandalia wanafunzi, kila mshiriki akipewa mtaji wa kuigiza wa shilingi milioni 1, linastahili pongezi na lawama kwa pamoja. Limewafundisha vijana namna ya kutoa oda. Lakini mshindi akipatikana ndani ya miezi michache, somo linalobaki kichwani ni la kubahatisha kupanda na kushuka kwa bei. Waandaaji wangeweza kumtaka kila mshiriki achague kampuni moja, asome taarifa zake za fedha za miaka 5, kisha aandike kurasa 2 akieleza gawio litatoka wapi. Alama zingetolewa kwa maelezo hayo, na bei ya siku ya mwisho isihesabiwe.