Mwenye Waya: Ukiritimba wa Njia za Mawasiliano katika Afrika ya Mashariki

Neno "simu" lilizaliwa katika lugha yetu kabla ya chombo tunachokiita hivyo leo. Asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia uzi wa madini, yaani waya. Wazee wa pwani waliposema kwamba wamepeleka simu, walikusudia habari fupi iliyoandikwa na kupitishwa katika waya, wala si mazungumzo ya mdomo. Twaanza na neno hili kwa kuwa ndani yake mna historia nzima: habari ilipewa jina la njia yake. Na katika nchi zetu, tangu siku hiyo hadi leo ya intaneti, ugomvi mkubwa haukuwa juu ya habari yenyewe bali juu ya mwenye kumiliki njia.

Waya wa kwanza wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Sultani Barghash. Haukuletwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Shangani, wala kwa ajili ya Sultani. Mwezi wa Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari hiyo ilichukua karibu majuma matatu kufika London. Serikali ya Uingereza ilitahayari. Kabla ya mwaka kwisha, Eastern and South African Telegraph Company ilikuwa imekwisha kutandika waya kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo kupitia Msumbiji hadi Durban. Kituo chake kikawekwa katika kisiwa kidogo cha Bawe, mbele ya Mji Mkongwe. Mwaka 1890 tawi likaongezwa kutoka Unguja hadi Mombasa.

Tunapenda wasomaji wetu wazingatie jambo moja hapa. Kampuni hiyo haikuwa peke yake kwa sababu ilikuwa hodari kuwashinda wenziwe; ilikuwa peke yake kwa sababu serikali ziliitaka iwe hivyo, nazo zikailipa ruzuku kila mwaka. Basi ukiritimba wa kwanza wa mawasiliano katika pwani yetu uliundwa na serikali, na waliolipa gharama yake ni watumiaji. Bei ilihesabiwa kwa neno. Wafanyabiashara wakabuni maneno ya siri ambayo moja lake lilisimama badala ya sentensi nzima. Walimu wa sarufi watatabasamu tukiwaambia kwamba Kiswahili, lugha inayoweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo katika neno moja, kingefaa sana kwa biashara hiyo, ijapokuwa makampuni nayo yalikuwa macho na yaliweka ukomo wa herufi za neno moja.

Kampuni hiyo na ndugu zake ziliunganishwa mwaka 1929, jina likageuzwa kuwa Cable and Wireless mwaka 1934, na mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikaitaifisha. Kwa upande wa bara, posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933. Baada ya uhuru shirika hilo likawa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa Mkataba wa mwaka 1967 makao yake makuu yakapelekwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilirithi kipande chake, na kila kipande kikawa shirika la umma lililo peke yake katika nchi yake.

Tusiwe wepesi wa kuyacheka mashirika hayo. Hoja ya kuyapa haki ya peke yake ilikuwa na uzito. Simu ya mjini huleta faida na ya kijijini huleta hasara. Shirika moja laweza kuchukua faida ya mjini likajengea kijijini, lakini ukiwaruhusu wafanyabiashara wengi, wote watagombania barabara kuu ya mji na hakuna atakayepanda mlima. Hoja hii tutakutana nayo tena mbele, imevaa nguo mpya. Lililotokea ni kwamba katika nchi zote tatu faida ya mjini haikupanda mlima. Mwombaji wa simu aliandika barua, akapewa nambari ya foleni, akangoja miaka.

Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi ambayo sisi walimu twapaswa kuiona. Katika kamusi, ukiritimba ni hali ya mtu au kampuni moja kuhodhi biashara fulani. Lakini ukisikiliza maneno ya watu, hasa Tanzania, utasikia "ukiritimba" likitumiwa kwa maana ya urasimu: mafaili yasiyokwenda, sahihi zisizopatikana, njoo kesho. Wapo wanaolihesabu kuwa ni kosa. Sisi twaona kwamba watu hawakukosea sana. Kwa muda mrefu aliyekuwa muuzaji wa peke yake na aliyekuwa akikwambia urudi kesho walikuwa mtu mmoja, dirisha moja. Maana mbili ziliishi chumba kimoja mpaka zikafanana.

Intaneti ilipoanza kuingia katika miaka ya 1990, sheria zilibadilishwa. Uganda ilipitisha Sheria ya Mawasiliano mwaka 1997 na kuunda Tume ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata MTN ikapewa leseni ya kuwa mshindani wa kampuni ya taifa. Hata hivyo mlango haukufunguliwa wote: kampuni hizo mbili, MTN na Uganda Telecom, zilihakikishiwa kwamba katika huduma kuu hataingia wa tatu hadi mwezi wa Julai 2005. Tanzania nayo iliilinda TTCL hadi Februari 2005. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1998, na mwaka 1999 shirika la zamani likagawanywa mara tatu: Posta, Telkom Kenya, na Tume ya Mawasiliano iliyopewa kazi ya usimamizi. Telkom ilihifadhiwa haki ya peke yake kwa miaka mitano, ikiwamo ile ya kupitisha mawasiliano ya intaneti kwenda nchi za nje, kwa njia iliyoitwa Jambonet.

Kisa kilichofuata kimesahauliwa na wengi, nasi twaona chafaa kusimuliwa kwa urefu.

Kampuni ndogo ndogo zilizouza intaneti Nairobi zilikuwa na shida ya ajabu. Mtu wa kampuni moja alipompelekea barua ya mtandao jirani yake aliye mteja wa kampuni nyingine, barua hiyo haikuvuka barabara. Ilipanda angani kwa setilaiti, ikashuka Marekani au Ulaya, ikageuka, ikapanda tena na kurudi Nairobi, na safari hiyo yote ililipiwa kwa fedha za kigeni. Yalikuwa mazungumzo ya majirani wanaopitishia salamu zao ng'ambo kwa sababu ukuta baina yao hauna dirisha. Kampuni hizo zikaungana, zikakodi chumba, zikaweka ndani yake mtambo wa kubadilishana mawasiliano, na mwishoni mwa Novemba 2000 wakaufungua. Mtambo huo uliitwa KIXP.

Haukudumu hata mwezi mmoja. Telkom ilipeleka malalamiko kwa Tume kwamba mtambo huo unaingilia haki yake ya peke yake. Wenye mtambo wakajibu kwamba haki ya Telkom ni juu ya mawasiliano ya nje, ilhali wao wanabadilishana ya ndani, tena baina yao wenyewe, jambo ambalo sheria haikulikataza. Tume iliamua kwamba mtambo hauna leseni, na mwezi wa Desemba ukafungwa. Ikawa serikali, mwenye hisa nyingi katika kampuni iliyolalamika, ndiyo pia iliyounda ofisi iliyohukumu. Hatusemi kwamba aliyehukumu alipendelea. Twasema kwamba alikalishwa mahali pagumu.

Wenye mtambo hawakunyamaza. Walikata rufani, wakaeleza hesabu zao hadharani, wakaonana na wakubwa mmoja mmoja. Mwezi wa Novemba 2001 wakapewa leseni, na Februari 2002 mtambo ukafunguliwa tena. Safari iliyokuwa ikichukua sekunde moja au mbili kwa setilaiti ikawa haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kifaa chenyewe hakikuwa kikubwa wala cha gharama kubwa. Kilichokizuia kwa zaidi ya mwaka mzima kilikuwa karatasi.

Haki ya peke yake ya Telkom ilikwisha mwaka 2004, lakini ukuta mwingine ulibaki: bahari. Hadi wakati huo pwani yote ya Afrika ya Mashariki haikuwa na hata uzi mmoja wa kioo wa baharini. Mawasiliano yote ya nje yalipanda setilaiti, na kiasi ambacho leo nyumba moja ya mjini hukitumia bila kufikiri kiligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Kulikuwa na mpango uitwao EASSy wa kutandika mkongo kutoka Mtunzini, Afrika ya Kusini, hadi Port Sudan. Ulizungumzwa tangu mwaka 2003. Ukazungumzwa sana.

Waliokuwa wakibishana hawakuwa wajinga. Wote walikuwa wameona yaliyotokea pwani ya magharibi, ambako mkongo wa SAT-3 ulianza kazi mwaka 2002. Huko kampuni ya taifa ya kila nchi ndiyo iliyoshika kituo cha kushukia, na aliyetaka kupita alilipa bei aliyoitaka mshika kituo. Waya ulifika, nafuu haikufika. Ndiyo sababu serikali, zikiongozwa na mpango wa NEPAD, zilitaka mkongo wa mashariki uwe wazi kwa kila mtu kwa bei moja, nazo ziwe na sauti juu yake. Makampuni yaliyokuwa yakitoa fedha yalijibu kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuamua. Mkutano ulifuata mkutano, itifaki ikatiwa sahihi Kigali mwaka 2006, waya haukuonekana.

Kenya ilichoka kungoja. Serikali yake ilishirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kuanzisha mkongo wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, kisha ikayauzia makampuni ya Kenya hisa, ikabaki na sehemu. Wakati huo huo watu wa biashara wakaanzisha wao SEACOM bila kusubiri serikali yoyote. Jambo la kuchekesha ni kwamba yote yalifika karibu pamoja: TEAMS ilishuka Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy iliyozungumzwa miaka saba ikawa tayari mwaka 2010. Palipokuwa hapana hata mmoja, katika muda wa kama mwaka mmoja pakawa na mitatu, na bei ya jumla ikaporomoka. Bei ya rejareja iliteremka kwa kujivuta zaidi.

Kwa sisi tunaokaa mbali na bahari, mkongo kufika Mombasa au Dar es Salaam ulikuwa nusu ya safari. Uzi wa kioo ulipaswa bado kupita Malaba, au Mutukula, au Rusumo, na aliyekuwa na uzi huo wa nchi kavu alikuwa na ufunguo kama aliokuwa nao zamani mwenye kituo cha Bawe. Ndipo Rwanda ikachagua njia yake, nayo ilikuwa njia ya kijasiri. Mwaka 2013 serikali ilipatana na Korea Telecom kuunda kampuni moja itakayojenga mtandao wa 4G wa nchi nzima, na kampuni hiyo ikapewa haki ya peke yake. Haitauza kwa wananchi. Itauza kwa jumla kwa makampuni mengine, nayo yatashindana kwa wateja. Huduma ilianza Novemba 2014. Hoja ilikuwa ile ile ya mashirika ya zamani, nayo ilisikika vizuri: nchi ni ndogo na ya milima, kwa nini wajenge minara mitatu juu ya kilima kimoja?

Minara ilipanda kilima kweli. Haikupita miaka mingi ila mtandao huo ulikuwa umewafikia zaidi ya watu 95 katika kila 100, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi hazikuwa zimelifanya. Lakini wateja walikuwa wachache. Makampuni ya simu yalikuwa na mitandao yao wenyewe ya 3G, yaliyokwisha kuilipia. Kwa nini yawahimize wateja kuhamia njia ambayo kila hatua yake yalipaswa kumlipa mwingine? Watu wakabaki kwenye 3G, chini ya kivuli cha minara ya 4G. Mwezi wa Oktoba 2022 serikali ilipitisha sera mpya iliyoondoa haki ya peke yake, na katikati ya mwaka 2023 MTN ikafungua 4G yake yenyewe. Twaipa Rwanda sifa mbili: ya kujaribu, na ya kukubali kugeuza.

Ethiopia ilichelewa kuliko nchi hizo zote. Mshindani wa kwanza wa shirika lake la simu alianza kazi mwaka 2022.

Mwezi wa Mei 2024 wengi wetu tuliamka tukakuta mtandao umelegea au umekatika kabisa, Kampala, Kigali, Dar es Salaam na kwingineko. EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika kwa pamoja baharini, kaskazini ya Durban, karibu na mwisho wa njia ile ya mwaka 1879. SEACOM ilikuwa imekwisha kupata madhara mengine katika Bahari ya Shamu tangu Februari. Kampuni mbili zenye wamiliki mbalimbali, zilizoshindana kwa miaka kumi na minne, zilikuwa zimelaza nyaya zao mahali pamoja penye kina kimoja. Kwa siku kadhaa, wakati meli ya mafundi ikielekea huko, mawasiliano mengi ya Kenya na ya majirani wake yalibanana katika mkongo wa TEAMS, ule ambao serikali moja iliujenga kwa kuchoka kungoja.